MTI UMEANGUKA, SASA TUUKATE

Neno la Jumapili. Somo: Yoshua 17:14–18. Soma pia Luka 19:1–10, Yohana 11:38–44 na Mhubiri 10:9–10.

Kwa wale ambao hamkufika ibadani, na kwa wale mliofika lakini mvua juu ya mabati ikawanyima nusu ya mahubiri, hili ndilo neno tulilopokea. Lisome polepole, na ukimaliza umpatie mwenzako.

Nyote mnaujua ule mkaratusi uliokuwa nyuma ya kanisa, ule wazee wetu wanauita blugamu. Ulipandwa wakati kanisa hili lilikuwa kibanda cha udongo. Shina lake, watu wawili wakilikumbatia, vidole havikutani. Usiku wa Jumanne, majuma manne sasa, mvua ikiwa imenyesha siku nne bila kupumzika, mti ule ulilala. Haukuvunjika. Uling'oka na mizizi yake na udongo wake, ukavuka ua, na kichwa chake kikatua juu ya jiko la jirani yetu.

Jirani huyo ni mama mjane, anaishi na wajukuu. Si mshirika wetu. Ameniruhusu niseme habari hizi mradi nisitaje jina lake. Nyumba kubwa haikuguswa, na hakuna mtu aliyekuwa jikoni saa hiyo. Kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini jiko lilikwisha.

Jumapili iliyofuata tukawa na ushuhuda. Mnakumbuka? Watu watano walisimama mmoja baada ya mwingine wakamshukuru Mungu, kwa sababu mti ule ungelala upande wa huku, ungelivunja kanisa. Na mimi nikachukua maikrofoni nikasema, "Mungu wetu huilinda nyumba yake!" Mkapiga makofi. Spika zetu mnazijua, zinasikika mpaka sokoni. Na hatua thelathini kutoka hapa, mama yule alikuwa chini ya turubai, kwenye matope, anapulizia moto ukatae, anapikia wajukuu uji. Alisikia kila neno.

Jumatatu asubuhi akaja ofisini. Hakupiga kelele. Akasema, "Pasta, nimewasikia jana mkishukuru. Hata mimi nashukuru hakuna aliyekufa. Lakini mwaka jana nilikuja hapa mara mbili, nikawaambia mti wenu umeinama kwangu. Mkaniambia mtauombea. Sasa nauliza tu: huo mti uliolala jikoni kwangu bado ni wenu, ama sasa umekuwa wa Mungu?"

Watu wa Mungu, nimehubiri miaka mingi. Sikuwa na jibu.

Wiki hiyo hiyo kukaja mtu mwingine, ndugu yetu mmoja, na yeye pia ameniruhusu. Huyu alifunguliwa kutoka kwa pombe kwenye kesha la Ijumaa, mwezi wa pili. Wengi wenu mlikuwepo, mliona alivyolia. Akaniambia, "Pasta, pombe imetoka kweli. Sijaonja tangu siku ile. Lakini nikifungua geti, watoto wananyamaza. Mke wangu bado anaficha pesa ndani ya mkebe wa unga. Kwani sikuokoka?"

Nikamjibu haraka, kwa sababu nilikuwa na mkutano. Nikamwambia, "Endelea kuomba, ndugu. Mwambie mama watoto ya kale yamepita." Akaenda akamwambia hivyo hivyo. Mke hakujibu kitu. Usiku huo alichukua blanketi, akalala chumba cha watoto.

Nilipokuwa nimesimama pale kwa mama, nikiangalia lile gogo juu ya mabati yaliyokunjika, ndipo Roho Mtakatifu aliponikumbusha yule ndugu. Nikaona hawa watu wawili wananiuliza swali moja. Mti umeanguka, haleluya. Lakini umemwangukia nani, na nani atauondoa?

1. KUANGUKA NI KAZI YA USIKU MMOJA, KUKATA NI KAZI YA SIKU NYINGI

Sisi Wapentekoste tunapenda mti unapoanguka. Na ni vizuri! Tunakesha, tunafunga, tunalia, na Mungu anashuka anang'oa kitu ambacho daktari alishindwa na mzee wa kijiji alishindwa. Sitaki mtu aondoke hapa akisema pasta hapendi miujiza. Naipenda. Lakini tumezoea kurudi nyumbani mti ukishalala, kama watu waliokuja kutazama mpira.

Soma Yoshua 17. Wana wa Yusufu wanakuja kulalamika. Wanasema, sisi ni watu wengi na Bwana ametubariki, mbona tumepewa sehemu moja tu? Angalia Yoshua alivyowajibu. Hakuwaambia wamekosa imani. Aliwaambia kama ninyi ni wengi hivyo, pandeni kule msituni mkajikatie nafasi. Wao wakaanza habari ya magari ya chuma ya Wakanaani. Yoshua akarudia palepale: nchi ya milima itakuwa yenu, ni msitu kweli, nanyi mtaukata.

Unaona? Nchi imetolewa na Mungu, hilo halina ubishi. Lakini ndani yake kuna msitu, na shoka liko mkononi mwa mtu. Mungu ndiye aliyepanga hivyo. Katika Kutoka 23:29–30 anawaambia Israeli wazi kwamba hatawafukuza adui zao kwa mwaka mmoja. Atafanya kidogo kidogo, mpaka wao wenyewe wawe wameongezeka vya kutosha kuishika nchi.

Na Lazaro je? Bwana Yesu alimwita kwa sauti kuu, akatoka kaburini akiwa hai. Lakini alitoka amefungwa sanda, mikono na miguu. Je, aliyeweza kurudisha pumzi alishindwa na kitambaa? Hakushindwa. Aliwaambia waliokuwa wamesimama pale wamfungue, wamwache aende zake. Uhai ulitoka kwa Yesu. Vitambaa vilifunguliwa na vidole vya majirani.

Kwa hivyo ndugu uliyefunguliwa mwezi wa pili, nakujibu leo mbele ya watu, kwa sababu nilikujibu vibaya ofisini. Ndiyo, umeokoka. Mti wako umelala kweli, mizizi iko juu, kila mtu anaiona. Na bado uko kwenye jiko la mke wako. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

2. ANZA NA TAWI LILILO JUU YA PAA LA MTU

Tulipoamua kuukata, wengine mliniambia, "Pasta, tuanze na shina, hapo ndipo mbao ziko, tunaweza kuuza tulipie kipaza sauti." Wacha niseme ukweli, hata mimi wazo hilo lilinipitia.

Lakini tulimwita mzee mmoja wa hapa ambaye amekata miti tangu ujana wake, enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja akivuta huku, mwingine kule. Akauzunguka mti mzima bila kusema neno. Halafu akasema, "Kwanza tumtolee huyu mama. Hayo mengine hayaendi mahali."

Zakayo alielewa jambo hili bila kufundishwa na mtu. Yesu ameingia nyumbani kwake, wokovu umefika, watu wananung'unika mlangoni. Zakayo anasimama anasema nini? Hasemi ya kale yamepita. Anasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na kama kuna mtu alimnyang'anya kwa hila, atamrudishia mara nne. Anaanza na wale walioangukiwa. Alipokwisha kusema hivyo, ndipo Bwana akatamka kwamba siku hiyo wokovu umeingia nyumba ile.

Sisi mara nyingi tunaanza na shina, pale penye faida yetu. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatatu anauliza huduma yake ni ipi, kipawa chake ni kipi, ataimba lini. Na kule nyumbani kuna ada ya shule aliyoinywa. Kuna pesa za chama cha mke wake. Kuna mwenye duka pale kona ambaye ameandika jina lake kwenye daftari, na kila akimwona na Biblia kwapani anacheka peke yake.

Mpendwa, uliza swali hili wiki hii: mti wangu ulipoanguka, au hata kabla haujaanguka, ulimwangukia nani? Usitaje jina la adui yako. Taja jina la yule uliyemwangukia wewe.

Na kanisa pia lijiulize. Tuliambiwa mara mbili. Tukasema tutauombea, na sidhani hata tuliuomba. Siku nilipomwendea mama yule kumwomba msamaha, nilienda na wazee wawili wa kanisa ili asiseme mtu kwamba ni maneno ya pasta peke yake. Tulimwambia, "Mama, tulikosa. Mti ni wetu, na jiko ni deni letu." Hakutukumbatia. Alisema, "Haya. Mnaanza lini?"

3. JUA UZITO UMELALA WAPI KABLA YA KUKATA

Sasa hapa nataka muwe pamoja na mimi, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mti uliolala unaonekana umekufa, umetulia. Kumbe umejaa nguvu. Mhubiri 10:9 anatuonya kwamba mwenye kupasua kuni yuko katika hatari ya hizo kuni. Ni andiko fupi, na kila mtu aliyewahi kushika shoka anajua ni kweli.

Mzee wetu alitufundisha hivi. Gogo likilala kama daraja, limeshikwa huku na huku na katikati halina kitu, basi sehemu ya juu imejibana na sehemu ya chini inavutika. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, ule mpasuo unajifunga, unauma msumeno, na hautoki hata mkivuta watu watatu. Unatakiwa ukate juu kidogo, kisha umalizie kutoka chini. Lakini gogo likiwa limeshikwa upande mmoja tu na ncha inaning'inia, ni kinyume chake: gusa chini kwanza, kisha malizia juu. Na kama uko kwenye mteremko, simama upande wa juu, kwa sababu gogo likiachiliwa halijui pasta ni nani.

Kuna matawi pia yaliyokandamizwa chini ya shina, yamepinda kama upinde. Ukiyakata kwa haraka, yanaruka yanampiga mtu usoni. Na kisiki chenyewe, kile kilichong'oka na udongo wake, ni hatari kuliko vyote. Unapotenganisha shina nacho, uzito wa shina haukishikilii tena, na kinaweza kurudi shimoni kwa ghafula kama mlango unaofungwa. Ndiyo maana mzee aliwafukuza watoto waliokuwa wanacheza kwenye lile shimo, tena kwa ukali. Wazazi wengine walikasirika. Alhamisi shina lilipokatwa, kile kisiki kilijiinua chenyewe, kikasimama pwaa! mahali watoto walikuwa wamekaa. Hakuna aliyekasirika tena.

Niliyaona hayo nikamkumbuka yule ndugu na neno nililompa. "Mwambie ya kale yamepita." Nilimtuma akate kutoka juu, pale pale uzito ulipobana. Miaka tisa mke yule amebeba hofu, na mimi nikataka aitoe kwa sentensi moja ambayo hata si yake. Msumeno ukaumwa. Akalala chumba cha watoto.

Wanaume, sikilizeni. Na akina mama pia, kwa maana wako waliowaangukia wengine. Ukimkosea mtu, huna ruhusa ya kumdai msamaha kama mtu anayedai chenji. Huwezi kumwambia, "Nimeokoka, sasa mbona hunisamehi? Kwani wewe si Mkristo?" Hiyo ni kumkata yeye badala ya kukata mti. Msamaha ni amri ya Bwana, nami nitaendelea kuuhubiri. Lakini kusamehe si sawa na kuamini tena. Mtu anaweza kukusamehe leo na bado akafunga mkebe wa unga, kwa sababu watoto lazima wale kesho. Huo mkebe hautafunguliwa na andiko lako. Utafunguliwa na mwisho wa mwezi kumi, ikifuatana, ambayo mshahara umefika nyumbani.

Basi zunguka mti kwanza. Nyamaza. Uliza, "Mama watoto, ni wapi panakuuma zaidi?" Halafu msikilize bila kujitetea. Ukijitetea umeanza kukata kabla hujajua uzito uko wapi.

4. NOA SHOKA, NA UKAZE MPINI

Mhubiri 10:10 anasema habari ya chuma kilichopoteza makali: mtu asipokinoa, itabidi aongeze nguvu, lakini hekima ndiyo inayofaa kumfanikisha. Siku ya kwanza vijana wetu walikata kwa nguvu za mazoezi ya mpira. Saa nne tayari wako chini, mikono ina malengelenge. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo na tupa yake, ananoa. Walimcheka. Saa nane alikuwa bado anakata.

Maombi ya asubuhi, Neno, kufunga: hiyo ndiyo tupa. Hatuombi ili tusifanye kazi. Tunaomba ili kazi isituue.

Lakini kuna jambo la pili. Kumbukumbu la Torati 19:5 linaongea juu ya mtu aliyeenda msituni na mwenzake kukata mti, akainua shoka, chuma kikachomoka kwenye mpini kikamwua mwenzake. Hakukusudia. Lakini mwenzake amekufa. Kwa hivyo kabla ya kuinua shoka, angalia mpini wako. Usiende kurekebisha nyumba yako na ulimi uliolegea. Ukijua hasira yako huchomoka, nenda na mtu. Ndiyo maana tuna wazee wa kanisa, ndiyo maana tuna vikundi vya nyumbani. Hata wale wana wa manabii katika 2 Wafalme 6 walienda kukata miti pamoja, wakamwomba Elisha aende nao. Na shoka lilipozama majini, kilio cha yule mtu kilikuwa kwamba lile shoka lilikuwa la kuazima. Hakusema "ni la Mungu, atajua." Lilikuwa la mtu, lazima lirudi.

5. CHANJA MAPEMA, NA UANZIE UKINGONI

Kuna kitu cha mkaratusi ambacho akina mama wa hapa wanakijua kuliko mimi. Mkaratusi ukiwa mbichi, vipande vyake hupasuka vizuri. Uache ukauke ukiwa gogo zima, uje uuchanje baada ya mwaka, shoka litakurudia kifuani. Huo mti hukauka ukawa kama chuma.

Vivyo hivyo na makosa. Deni ulilokiri wiki hii ni deni. Deni ulilolikalia miaka mitatu limekuwa ugomvi wa koo mbili. Paulo anatuambia katika Waefeso 4:26 tusiache jua lichwe na hasira zetu. Chanja ingali mbichi.

Na kipande kikubwa hakipasuliwi katikati. Mzee alitukataza. Anza ukingoni, ondoa kipande chembamba, zunguka, ondoa kingine, na ukifika moyo wa gogo utakuta umekuwa mdogo, unaupiga mara moja. Palipo na fundo, paache kwanza, tumia kabari baadaye. Yule ndugu yetu alipokuja kwangu mara ya pili tulikaa chini na daftari. Tukaandika kila mtu aliyemwangukia. Yalikuwa majina kumi na moja. Nilimwona amevunjika moyo. Nikamwambia, "Usianze na kaka yako mliyepigana kwa ajili ya shamba. Hilo ni fundo. Anza na mwenye duka." Akaanza na mwenye duka. Shilingi mia tano kila Ijumaa.

6. KUNI MBICHI HUTOA MOSHI

Hapa naomba msamaha mwingine, na huu ni wa kanisa kwa huyu ndugu. Juma moja tu baada ya kufunguliwa, tulimsimamisha mbele atoe ushuhuda. Tulipenda kumsikia. Mke wake alikuwa amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Yeye peke yake ndiye aliyejua ni mambo mangapi hayakutajwa.

Kuni mbichi, hata ziwe nyingi namna gani, ukizitia mekoni zinatoa povu na moshi, na macho yanayoumia ni ya mama anayepika. Kuni hupangwa mahali penye upepo, zikainuliwa kutoka ardhini, zikafunikwa juu zisinyeshewe, zikangoja miezi. Usimharakishe mtu aliyeokoka juzi. Mpe nafasi akauke. Ushuhuda wake utakuja, na siku hiyo mke wake ndiye atakayewasha kiberiti.

Lakini pia tusiziache kuni zioze nyuma ya nyumba. Mambo ya Walawi 6:12 linamwagiza kuhani atie kuni kwenye madhabahu kila asubuhi ili moto usizimike. Mungu hapotezi mti. Mkaratusi huu uliletwa nchini kwetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, ukapandwa ili kupatikane kuni za kuendesha gari la moshi. Kitu kilicholala juu ya jiko la mama yule ndicho kitakachopika katika jiko lake jipya. Yale yaliyokuangukia, na hata yale uliyoangusha wewe, Bwana anaweza kuyageuza yakapasha mtu joto. Lakini si yakiwa gogo. Lazima yakatwe.

MAHALI TULIPOFIKA

Nataka niwape hesabu ya kweli. Matawi yote yameondolewa kwa mama. Jiko limesimama, mabati ni mapya, mlango bado. Mafungu ya kwanza ya kuni yamepangwa kwake, sio kwetu, na yatakayofuata yataenda kwa wajane wengine wawili, mmoja wetu na mmoja wa kanisa lingine. Mama hajaja ibadani, na naomba mtu asimwalike kama vile anatulipa kwa kuni. Akija, aje kwa sababu ameitwa na Bwana. Tulichomdai Mungu ni kitu kimoja tu: asisikie tena spika zetu zikishukuru juu ya machozi yake.

Yule ndugu ameshamaliza deni la duka. Chama anaendelea kulipa. Kwa kaka yake hajaenda. Nilimwuliza nyumbani kukoje, akanyamaza kidogo, akasema, "Pasta, juzi mama watoto aliacha mkoba wake mezani akaenda kuteka maji. Sikuugusa. Nilikaa tu nikauangalia."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini mimi nasema haleluya.

Shina kubwa bado liko pale nyuma, vipande vinne ambavyo havijapasuliwa. Mtaviona mkitoka.

TUOMBE

Bwana Yesu, asante kwa kila mti ulioangusha katika maisha yetu. Utusamehe tulipokushukuru kwa sauti huku mwenzetu amelala chini ya matawi yetu. Tuonyeshe jina moja wiki hii, mtu tuliyemwangukia. Utupe hekima ya kujua uzito umelala wapi, subira ya kuchanja kidogo kidogo, na ulimi usiochomoka kwenye mpini. Wale walioumizwa, uwe paa lao mpaka jiko lisimame. Katika jina lako, Amina.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Someni Luka 19:1–10. Zakayo alisema atawarudishia walionyang'anywa kabla au baada ya Yesu kutangaza wokovu wa nyumba yake? Hilo linatufundisha nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumsamehe mtu na kumwamini tena? Jadilini bila kutaja majina ya watu.
3. Kila mmoja aandike kimya kimya jina la mtu mmoja aliyemwangukia, na hatua moja ndogo ya ukingoni atakayochukua kabla ya Jumapili. Karatasi ibaki mfukoni mwako.

TANGAZO: Jumamosi saa mbili asubuhi tutaendelea na shina. Mwenye shoka aje nalo likiwa limenolewa na mpini umekazwa. Mwenye kabari, tunazihitaji. Akina mama wa jikoni watapika githeri. Watoto wabaki nyumbani.